Mto Uko Jirani, na Umeshaulipia: Hotuba Kuhusu Hifadhi ya Fort Snelling

Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa jumuiya yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili hapa Minnesota. Wengi walizuiwa na zamu za kazi wakaomba kuisoma. Hii hapa nzima, bila zile picha zilizoonyeshwa ukutani.

Wazee wetu, mama zangu, baba zangu, kaka na dada, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na sufuria ya pilau: hamjambo?

Hapana. Hiyo ni hatujambo ya watu waliotoka kazini usiku. Hamjambo?

Haya, sasa nimewasikia. Mwenyekiti amenipa nusu saa na ananitazama kama mwenye nyumba siku ya kodi, kwa hiyo naanza moja kwa moja na swali. Wangapi hapa mliwahi kutua kwenye uwanja wa ndege wa Minneapolis na Saint Paul? Inueni mikono. Naam, karibu ukumbi mzima. Ndiko tulikoingilia. Sasa teremsheni. Wangapi mmewahi kushuka kule bondeni, ng'ambo tu ya uwanja huo, mahali Mto Minnesota unapoingia Mto Mississippi? Naona mikono mitatu. Na mmoja ni wa mume wangu, huyo hahesabiki.

Mnaona? Tunapita juu yake kwa ndege. Tunapita juu yake kwa gari kwenye daraja la Mendota tukienda kazini. Tunaupita mto huu asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, na hatujawahi kuuliza kuna nini pale chini kwenye miti. Pale chini kuna Hifadhi ya Jimbo ya Fort Snelling. Unatoka barabara kuu ya 5, unashika Post Road, na kabla wimbo mmoja wa redio haujaisha umefika langoni. Kuna ziwa lenye ufuo wa kuogelea, kuna njia za kutembea kwa miguu na za baiskeli, kuna kisiwa katikati ya mito miwili, na kuna wanyama. Nasema wanyama, mama zangu, wala simaanishi mbwa.

Mwaka jana nilimwalika mama mmoja, jirani yangu, twende naye. Akanijibu, "Dada, kwani huko si kwa Wazungu na mbwa wao?" Mnacheka, lakini wangapi mmewahi kusema hivyo hivyo moyoni? Mimi simlaumu. Nimekulia Lang'ata, Nairobi, jirani na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, mbuga ya kwanza ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1946. Mtaani kwetu walikuwepo wazee walioishi hapo tangu ujana wao na hawakuwahi kuingia ndani hata siku moja. Sisi watoto tuliingia na basi la shule, tukashikilia madirisha, mwalimu akitukemea tusipige kelele, na kushuka chini ilikuwa marufuku isipokuwa sehemu chache zilizotengwa. Mbuga ilikuwa ya magari, na magari yalikuwa ya watalii. Basi tumekua tukijua hivyo: wanyama ni wa wageni wenye kamera, sisi tunachungulia kwenye ua. Halafu tumepanda ndege, tumevuka bahari, na tabia hiyo tumekuja nayo mzigoni.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa pana pesa, na penye pesa najua hata vijana wa nyuma watasikia. Mwaka 2008 wapiga kura wa Minnesota walibadilisha katiba ya jimbo. Walikubali kuongeza kodi ya mauzo kwa sehemu tatu ya nane ya asilimia moja, kwa ajili ya maji safi, makazi ya wanyama, sanaa, na hifadhi pamoja na njia zake. Nguo haitozwi kodi hiyo, wala unga wa ugali. Lakini sabuni inatozwa. Televisheni inatozwa. Ukinunua televisheni ya dola 1,000, dola 3 na senti 75 zimekwenda kwenye mfuko huo, na sehemu yake inaishia kwenye hifadhi. Umenunua sabuni? Umeshalipa. Umenunua simu? Umeshalipa. Ile televisheni kubwa ya Kombe la Dunia iliyoziba dirisha? Baba, wewe umelipa kushinda wote humu! Kwa hiyo ukifika pale langoni usiingie umejikunyata kama mgeni aliyekosea nyumba.

Kuna ada ya gari, ya siku au ya mwaka, na hiyo ya mwaka inafungua hifadhi zote za jimbo. Anayekuja kwa miguu au kwa baiskeli halipi kitu. Na kila mwaka ziko siku nne za bure, moja kwa kila majira, na ile ya vuli kwa kawaida ni Ijumaa inayofuata Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo sisi tunakanyagana madukani.

Tuje kwa wanyama wenyewe. Hapa nitakawia, mwenyekiti anisamehe.

Mwezi wa Novemba tulikwenda kundi zima, watoto wengi na wazee kadhaa, tukashika njia inayokizunguka kile kisiwa. Ramani zinakiita Pike Island; Wadakota, ambao ndio wenyeji, wanakiita Wita Tanka, Kisiwa Kikubwa. Watoto walitangulia mbio. Wanapiga kelele, wanarusha mawe, wanauliza, "Shangazi, wanyama wako wapi?" Kila dakika: wako wapi? Mmoja alikuwa ameahidiwa na kaka yake kwamba ataona simba. Tulitembea mpaka nusu ya kisiwa hatujaona hata manyoya. Vijana wakaanza kutoa simu mifukoni. Mimi niliyewaleta nilianza kuona aibu.

Alikuwepo mzee wetu mmoja kutoka Uvira, Kongo. Wengine mnamjua, sitamtaja, hapendi. Yeye alivua samaki Ziwa Tanganyika kabla ya vita. Hakuwa amesema neno tangu garini. Akakaa juu ya gogo, akatuambia, "Kaeni." Tukakaa. Mtoto mmoja akatazama juu kwenye miti kutafuta ndege, mzee akamwambia, "Juu utavunja shingo bure. Tazama maji kwanza. Mahali samaki wanapohangaika ndipo mwenye njaa atakapokuja."

Tukatazama maji. Dakika tano. Kumi. Ndege za abiria zinapita juu yetu zikinguruma, maana uwanja uko pale pale, na hakuna kilichoshtuka isipokuwa sisi. Mara mzee akanyoosha kidevu chake tu, hivi, na kutoka kwenye miti ya mipopla ya ng'ambo akashuka tai. Ni tai kichwa-cheupe, yule wa kwenye nembo ya Marekani, yule wa kwenye pesa yenyewe. Akapita chini chini, miguu mbele, akachota samaki, akarudi mtini. Hakuna mtoto aliyepiga kelele. Mzee akasema, "Huyu ni furukombe wa kwenu huku." Na kweli, ukiwaweka pamoja na furukombe, yule tai mla samaki wetu wa maziwa ya Tanganyika na Naivasha, wanafanana kichwa, wanafanana mapigo, tofauti utaisikia kwenye sauti. Wa kwetu analia mpaka ziwa zima linajua. Huyu wa hapa, pamoja na ukubwa wote huo, sauti yake ni ya kifaranga. Nilisikitika kidogo kwa niaba ya taifa hili.

Mkimtafuta, jueni pia kwamba tai mchanga hana kichwa cheupe. Ni wa kahawia mwili mzima, na huchukua miaka minne au mitano kupata ile rangi. Watu wengi humwona wakadhani ni mwewe tu, wakaendelea na njia zao.

Na jueni kwamba nusura asiwepo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia dawa ya wadudu iitwayo DDT ilipuliziwa mashambani kila mahali. Ikaingia majini, ikaingia kwenye samaki, tai wakala samaki, mayai yao yakawa na ganda jembamba, na mama akikaa kuyaatamia yanapasuka. Kufikia mwaka 1963, ukiacha Alaska, Marekani nzima ilihesabiwa kuwa na jozi 417 tu za tai waliotaga. Jozi 417 kwa nchi yote hii! Mwaka 1972 DDT ikapigwa marufuku, viota vikalindwa, mito ikaanza kusafishwa, na mwaka 2007 tai akaondolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Leo Minnesota ni miongoni mwa majimbo yenye tai wengi zaidi. Hakurudi kwa miujiza. Watu walikaa kwenye mikutano kama huu, yenye viti vya plastiki kama hivi, wakadai.

Siku hiyo hiyo binti mmoja mdogo aliokota unyoya mrefu akaja mbio kunionyesha. Nikamwambia aurudishe chini. Alilia. Lakini hiyo ndiyo sheria: unyoya wa tai kichwa-cheupe huruhusiwi kuuweka nyumbani, hata kama umeuokota tu, na ndege wengi wa mwituni wako chini ya sheria ya aina hiyo hiyo. Wenyeji wa makabila yanayotambuliwa na serikali wana utaratibu wao kwa ajili ya ibada. Sisi wengine tunapiga picha, tunauacha hapo hapo.

Wengine mtakaowaona ni hawa. Kulungu wa mkia mweupe: huyo utamwona karibu kila ukienda asubuhi mapema au jua likielekea kuzama. Akikushtukia anasimamisha mkia, mweupe kabisa, halafu hayupo. Bata mzinga wa mwituni nao wapo, wanatembea kwa makundi kama wakaguzi wa shule. Walikuwa wametoweka kabisa jimbo hili, wakaletwa tena kutoka Missouri miaka ya 1970, na sasa wanasimamisha magari. Kuna biva, mnyama wa majini anayekata miti kwa meno. Mwenyewe hutamwona mchana kirahisi, lakini utaona kazi yake, shina limechongwa pande zote na vipande vya mbao vimetapakaa chini. Majira ya joto kuna korongo wa kijivu amesimama kwenye maji ya kina kifupi, na kobe wa maji wamejipanga juu ya gogo wakiota jua. Mwezi wa Juni kobe wakubwa hutoka majini kutaga kando ya barabara, basi endesheni polepole. Na katikati ya Mei wapo ndege wadogo wa rangi zote, njano, machungwa, buluu, wanaofuata bonde la Mississippi kutoka kusini kwenda kaskazini. Hao wanahitaji darubini na shingo ngumu.

Lakini hakuna hata mmoja kati ya hawa anayekuja kwa miadi. Ndiyo maana nasema: msiende kama watalii. Mtalii ana siku tatu na ameshalipia simba. Ninyi mna mwaka mzima na mto uko dakika ishirini kutoka kwenu. Nenda, usione kitu, urudi. Nenda siku ya mvua, urudi. Nenda na bibi, keti naye kwenye benchi, ule ndizi yako, urudi. Yule binti wa unyoya sasa anajua kulungu wanavukia wapi. Mimi mwenyewe sijui.

Sasa jambo lingine, na hili nitalisema taratibu.

Mahali mito inapokutana Wadakota wanapaita Bdote, na katika mapokeo yao ndipo walipotokea duniani. Ni mahali patakatifu. Mwaka 1862, baada ya vita kati ya Wadakota na serikali, jeshi liliwaleta watu kama 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, likawazungushia ua hapo hapo bondeni, chini ya ngome ya jeshi ya Fort Snelling, majira yote ya baridi. Mnaijua baridi ya hapa. Watu kati ya 130 na 300 wanakadiriwa kufa, wengi kwa maradhi. Mei 1863 waliosalia walipakiwa kwenye meli za mto wakafukuzwa jimboni. Kuna ukumbusho wao karibu na jengo la wageni. Siku tuliyokwenda, mama mmoja kutoka Kivu, aliyekaa kambi ya wakimbizi miaka yote ya ujana wake, alisimama pale. Alisoma bango lote mpaka mwisho, akauliza walikuwa wanapata maji wapi. Hilo tu. Sikuwa na jibu, lakini nililijua swali hilo latoka wapi, na nadhani humu ndani mko wengi mnaolijua.

Na juu ya jabali, kwenye ngome yenyewe, miaka ya 1830 aliishi mtumwa mweusi aitwaye Dred Scott pamoja na mkewe Harriet. Utumwa ulikuwa haramu katika eneo hili, lakini maofisa wa jeshi walikuja na watumwa wao na hakuna aliyewauliza. Baadaye Scott alikwenda mahakamani kudai uhuru, akisema, nimeishi katika ardhi ya watu huru. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkatalia, ikasema mtu mweusi hawezi kuwa raia. Vijana, ninyi mnaosoma historia kwa ajili ya mtihani tu: ardhi aliyokuwa akiizungumzia ni hii. Mnaweza kuikanyaga Jumamosi.

Ya tahadhari nayapitia haraka. Kupe wapo, hasa Mei mpaka Julai, na wengine huambukiza ugonjwa wa Lyme. Vaa suruali ndefu, chomeka ndani ya soksi, usijali mitindo, na mkirudi nyumbani kaguaneni, nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele za watoto. Ukimkuta, mtoe kwa kibano, mvute taratibu moja kwa moja. Kuogelea ni ziwani, kwenye ufuo wake. Mtoni hapana, mkondo hauonekani kwa juu. Barafu ya mto msiikanyage hata mkiona mwingine ameikanyaga. Barafu ya ziwa huhitaji unene wa sentimita 10 au zaidi kumbeba mtu anayetembea, nayo iwe ngumu na angavu. Msiwalishe wanyama maandazi, hata wakiomba. Na theluji ikiyeyuka mto hufurika, bonde zima linajaa, hifadhi hufungwa, mwaka 2019 ilifungwa kwa muda mrefu. Basi angalieni taarifa za Idara ya Maliasili kabla ya kuwasha gari.

Wavuvi, najua mnangoja. Mkazi wa Minnesota hahitaji leseni kuvua kwenye ziwa ambalo lote limo ndani ya mipaka ya hifadhi ya jimbo. Mtoni pia hahitaji, mradi avue akiwa ukingoni ndani ya hifadhi; akiwa kwenye boti mtoni leseni inahitajika kwa watu wazima. Mkiwa na shaka ulizeni ofisini kabla ya kutupa ndoano, maana faini yake itawanunulia samaki wa mwezi mzima.

Jumamosi ijayo tunakwenda. Tukutane langoni saa mbili asubuhi, na nikisema saa mbili namaanisha saa mbili, si ile saa mbili yetu ya harusi. Wenye nafasi garini waandike majina kwenye karatasi ile ya mlangoni, wasio na gari waandike upande wa pili. Kuna kituo cha treni ya Blue Line kinachoitwa Fort Snelling, ila kutoka hapo mpaka bondeni ni mwendo, kwa hiyo mwenye mtoto mgongoni atafutiwe kiti kwanza. Chai ninaleta mimi. Vikombe kila mtu na chake.

Maswali? Mama, wewe mkono ulikuwa juu tangu nilipotaja kupe.

Nyoka. Nilijua. Wapo, mama, sitakudanganya. Utakaowaona zaidi ni wadogo, wana mistari ya njano mgongoni, na hawana sumu ya kumdhuru mtu. Wale wenye sumu hapa Minnesota ni wa kule kusini-mashariki kwenye majabali, hawako bondeni kwetu. Ukimwona simama tu, atakupisha yeye. Ndiyo, baba, wewe. Kuhusu kuchoma nyama?